Kanga anayekimbia: mbwa wa kusimama au watu wa kuziba njia?

Kwenye miombo ya huku Lubumbashi tunakowinda, kanga ana tabia ya fezanti, yule ndege wa China aliyepelekwa Oregon, Marekani, mwaka 1881: akihisi hatari hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye.

Mbwa wa kusimama, yule wa uwindaji anayesimama tuli akinusa ndege, anafaa kwa kwale anayejibanza nyasini. Kwa kanga, mbwa anaganda, unamfikia, na kundi limeshatoroka kwa miguu. Kinachoniuma zaidi, mbwa mzuri huharibika hivyo, anajifunza kukimbiza.

Mimi nachagua kuziba njia. Wawili watangulie kimya hadi mwisho wa kichaka, wengine wawasukume kanga polepole kuelekea huko. Kanga akikuta mtu mbele, anaruka. Lakini usifyatue bunduki chini kamwe: ndugu zako wamesimama upande ule.