Mwembe au mwarobaini mbele ya nyumba?

Uwanja mpana mtupu kule Kigamboni, mchanga unaunguza nyayo saa saba mchana: upande mti gani? Mwarobaini hauna makuu. Ukishashika, unavumilia kiangazi bila ndoo ya maji, na kivuli chake kipo karibu mwaka mzima. Mwembe uliobebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kijitawi cha mwembe mwingine, huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4, ila Desemba jiandae: maembe yaliyooza, nzi, na watoto wa jirani na mawe yao juu ya bati lako. Mimi ningeweka mwarobaini upande wa magharibi ukinge jua la alasiri, na mwembe mmoja tu, mbali na ukuta na shimo la choo. Chimba kabla ya masika, uchanganye samadi iliyooza.