Soda moja, masaa manne ya dansi laivu: bonanza la Jumapili kwa sisi tunaosaka ajira

Naandika hii kwa watu wa Dar ambao mpo kama mimi, chuo umemaliza, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki, kila asubuhi unafungua simu kuangalia kama kuna tangazo jipya la kazi, afu Jumapili jioni unabaki ndani unaangalia feni inavyozunguka. Tokeni nje jamani. Mi huu mwaka wa pili natafuta kazi, nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kitu kimoja ambacho sijakosa karibu kila Jumapili ni bonanza la dansi laivu kwenye baa moja ya wazi huku kwetu Temeke, ile ya mabati juu na viti vya plastiki chini, jina siliandiki kwa sababu kuna mambo ya kulalamikia huko chini na sitaki kumharibia mtu riziki, ila wa Temeke wakisoma wataijua tu.

Tuanze na hela maana ndo swali la kwanza ukiwa huna kazi. Kiingilio ni kinywaji chako. Basi. Mi natoka Mbagala, daladala 600 kwenda 600 kurudi, soda ya chupa 1,000, jumla 2,200 na hapo umesikiliza bendi kamili yenye magitaa matatu, drams, tumba, tarumbeta na domo la bata (saksafoni) kuanzia jioni mpaka saa tatu usiku. Siku nikiwa vizuri kidogo naongeza mishkaki miwili ya 500 500 na ndizi ya kuchoma 500 nyingine, inakuwa 3,700. Hebu niambie ni wapi tena mjini hapa unakaa masaa manne kwenye kiti kizuri, unaburudika na hakuna mtu anakuuliza unangoja nini.

Na hilo la kutoulizwa nalisisitiza. Kuna sehemu ukikaa na soda moja nusu saa mhudumu anaanza kufuta meza yako ambayo ni safi, anasogeza glasi, anakuangalia. Hapa hapana. Wahudumu wameshanizoea, dada mmoja mtu mzima kabisa, siku ya tatu tu nimeenda aliniletea soda yangu bila kuuliza, akaifungulia mezani kwangu akaweka kizibo juu ya mdomo wa chupa ili nzi wasiingie akasema "kunywa taratibu mwanangu, bendi bado haijaanza." Soda ile niliimaliza saa mbili usiku ikiwa ya moto kama chai na sikuona aibu hata kidogo.

Muda sasa. Bango linasema saa tisa alasiri, msidanganyike, saa tisa utakuta viti vinapangwa na mtu anafagia. Wimbo wa kwanza unaanza kwenye saa kumi na moja kasoro. Lakini mi nawashauri mfike saa kumi, maana kile kipindi cha kufunga vyombo mi nakipenda kuliko hata muziki wenyewe na nadhani kwa mtu asiye na kazi kuna kitu anakiona pale. Unawaona watu wakiwa kazini. Kijana wa vyombo anavuta nyaya anazibandika chini kwa gundi ya karatasi ili wachezaji wasijikwae, mpiga tumba anakaza ngozi na spana huku anaigonga na kidole kimoja anasikiliza, anakaza tena. Mpiga domo la bata ni mzee, nywele zote nyeupe, shati mikono mirefu imefungwa vifungo hadi shingoni, anatoa ule ulimi mdogo wa mdomo wa saksafoni kwenye kiboksi cha plastiki, anaulowesha mdomoni, anautoa anauinua juu kwenye mwanga anaukagua pande zote mbili, kama hajaridhika anaurudisha na kuchukua mwingine. Anafanya hivo kila Jumapili. Baa nzima ina watu kama kumi na tano wakati huo na hakuna hata mmoja anayemtazama ila yeye anafanya vilevile kama ukumbi umejaa. Mi pale ndo najipanga kwa ajili ya Jumatatu.

Bendi yenyewe ni mchanganyiko wa wazee na vijana. Wanapiga nyimbo zao na kopi za zamani, na kopi wanazipiga kwa heshima, solo inaingia palepale inapotakiwa, sauti za waimbaji watatu zinapanda pamoja. Kama hujakulia kwenye dansi wacha nikueleze kidogo, wimbo unaanza polepole, hapo watu wanasikiliza maneno, na maneno ya dansi ni ya maisha, mtu anadaiwa, mtu ametelekezwa, mtu ameenda mjini kutafuta kazi na kwao hawana habari naye, afu katikati gitaa la solo linabadilika, drams zinabadilika, hapo ndo chemko, na hapo hata mzee aliyekuja na bakora anainuka. Chemko la hawa jamaa linaweza kwenda dakika nane. Mi nakaa upande wa mpiga gitaa la rizimu makusudi kwa sababu najifunza gitaa (ntasema huko mbele), yeye anarudia kitu kilekile kidogo cha nyuzi tatu wimbo mzima wala hachoki, kidole gumba hakitulii, na akiacha hata sekunde mbili kuwasha sigara unasikia kabisa muziki wote umepwaya.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni mjomba wangu, dereva mstaafu, na yeye ndo amenifundisha kusikiliza. Kuna siku nilimwambia mjomba hawa wanamuziki wana bahati wanafanya wanachokipenda, akanijibu "mama, hawa zamani walikuwa waajiriwa kama mimi." Nikafuatilia, na ni kweli kabisa. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, jina lenyewe NUTA ni la chama, chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na ndo hiyo hiyo leo tunaiita Msondo Ngoma. Bendi ya Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, ndo maana wazee mpaka leo wanasema DDC Mlimani Park, Sikinde. Hayati Muhidin Gurumo aliimba NUTA kisha akawa kati ya walioianzisha Mlimani Park. Yani mpiga tarumbeta alikuwa na mshahara mwisho wa mwezi, vyombo vya shirika. Mjomba anasema wakati wake watu walikuwa wanabishana Msondo na Sikinde kama Simba na Yanga, familia moja inagawanyika. Nikiwa nimekaa pale na soda yangu nafikiria kwamba bendi ya wafanyakazi ndo imezaa muziki unaonibeba mimi nisiye na kazi, na kila nikifikiria hivo moyo unajaa.

Kuna jambo moja ningependa mlijue kabla hamjaenda, kutuza. Watu wakikolea wanaenda mbele wanamtuza mwimbaji, wengine wanambandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, wengine wanamwaga za elfu mbili mbili. Mimi miezi mingi nilikuwa nakaa kimya nikifika wakati huo, naona kama nakula nisichokilipia. Siku moja wakapiga wimbo ambao marehemu baba alikuwa anauimba akinyoa ndevu, nikashindwa kukaa. Mfukoni nilikuwa na 600 ya nauli na sarafu ya 500. Nikaenda nayo mkononi imeshikwa mpaka ina jasho, sikujua hata naiweka wapi maana sarafu haibandiki usoni. Yule mwimbaji, mtu mzima sawa na baba yangu, aliniona ninavyosita, akaondoa maiki mdomoni, akainama akaipokea kwa mikono miwili, afu akalitaja jina la baba kwenye wimbo baada ya kuniuliza sikioni. Kabla yangu alikuwa ametuzwa noti nyekundu na aliyemtuza hakuinamiwa vile. Kwa hiyo mtu asikwambie usiende kwa sababu huna cha kutuza.

Kwa dada zangu wanaojiuliza kuhusu kwenda peke yako. Mimi naenda peke yangu siku mjomba akiwa na shughuli. Umati ni wa watu wazima, kina mama wanakuja na vitenge vya sare ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, wazee na wake zao. Wapo wanaume watakaokuja kuomba mcheze, ukisema hapana asante wanaondoka, mara moja tu mlevi aling'ang'ania na mlinzi alikuja kabla sijamwita. Nawashauri mkae meza za mbele karibu na bendi, sio kule nyuma karibu na geti, na mwondoke saa tatu kamili kabla daladala hazijapungua.

Kuhusu kazi sasa, maana kuna mtu atauliza kama nimepata koneksheni pale. Sijapata kazi. Ila ni sehemu pekee ninapokaa na watu wazima wenye kazi zao bila wao kujua kwamba natafuta mpaka niseme mwenyewe, na nikisema wanasikiliza. Kuna mzee wa mambo ya kutoa mizigo bandarini, tulikaa meza moja wiki kama nne tunaongelea solo tu, wiki ya tano ndo akaniuliza umesomea nini mwanangu, akaniambia nimletee CV. Nilimpelekea ofisini kwao Kurasini. Walichukua mtu mwenye uzoefu, lakini alinipigia simu mwenyewe kuniambia, na ukishatuma maombi mara kibao kwenye mitandao bila kujibiwa hata "hapana" utajua simu ile ina thamani gani. Yeye ndo aliniambia nisibaki na diploma tu, nianze mitihani ya bodi ya ugavi, na nimeanza kujiandaa. Mwaka jana niliitwa Dodoma usaili wa mchujo wa serikali, tulijaa mpaka nje, nilirudi na basi la usiku Jumamosi, Jumapili jioni nilikuwa kwenye kiti changu. Sikutaka kuongea na mtu. Hakuna aliyenilazimisha.

Na kile cha gitaa. Mpiga rizimu alinikuta namtazama vidole, akaniuliza kama napiga, nikasema natamani. Sasa saa kumi kabla hawajaanza ananipa gitaa dakika kumi kumi, limezimwa, ananiwekea vidole. Kile anachopigia ni kipande cha kadi ya plastiki alichokikata na mkasi kikawa pembetatu, amenikatia na mimi, nakiweka kwenye kava la simu. Nyumbani sina gitaa, nafanyia mazoezi vidole vya mkono wa kushoto kwenye mwiko, mama mdogo ameshazoea.

Mapungufu. Moja, sauti. Magitaa yako sawa, tarumbeta iko sawa, ila maiki za waimbaji zinapiga yowe kila mtu akisogea karibu na spika ya kulia na wameambiwa mara nyingi, spika ile ihamishwe hata hatua tatu tu mbele tatizo litaisha. Mbili, chenji. Ukitoa noti ya elfu tano kwa soda ya elfu moja jiandae kuifuatilia kaunta, sio wizi, nimerudishiwa kila mara, ila mtu mwenye elfu tano moja kwa wiki nzima hawezi kusikiliza muziki akiwa hajashika elfu nne zake. Nendeni na hela ndogo ndogo. Tatu na hili limenikera kweli, choo cha wanawake. Mlango haufungi, maji kwenye ndoo, taa hakuna, ikifika saa moja usiku unamulika na simu. Kina mama ndo wanajaza ukumbi ule, ndo wanaocheza, ndo wanaotuza, kitasa bei gani? Mwenye baa nimeshamwambia uso kwa uso kwa heshima zote na amesema atashughulikia, huu mwezi wa tatu sasa nasubiri.

Umeme ukikatika jenereta inachukua kama dakika tano, hilo silihesabu kama kosa maana siku ile ilipokatika mpiga tumba hakusimama, mpiga domo la bata akaingia bila spika wala nini, watu wakapiga makofi gizani wakashika wimbo kwa midomo, na umeme uliporudi gitaa la solo likadakia palepale kama hakuna kilichotokea. Nimekwenda mara nyingi na bado ile ndo siku bora.

Chakula ni cha kawaida. Mishkaki mizuri ikitoka jikoni, ikipoa inakuwa migumu. Chipsi msisumbuke, zinachelewa na mafuta yamechoka.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakiweka kitasa. Jumapili hii nipo kuanzia saa kumi, upande wa kushoto wa jukwaa kwa mpiga rizimu, ukiona dada amevaa raba nyeupe anashika kadi ya plastiki njoo ukae, kiti cha pili huwa nakiwekea mjomba lakini wikiendi hii yuko shambani Mkuranga.