Biblia ya Union Version kwa anayefuatilia “kumsahau Mungu”

Kwa kufuatilia mada ya kumsahau Mungu, Union Version ya 1952, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, bado ni chombo kizuri, ukijua namna ya kukitumia. Uzuri wake ni uthabiti: pale Kiebrania kinapotumia kitenzi shakhach (kusahau), mara nyingi utakuta “sahau”, kwa hiyo mnyororo wa mada hauvunjiki unapotoka Torati kwenda kwa manabii.

Kosa la kwanza la wengi ni kutafuta neno “kusahau” kwenye programu ya simu. Kiswahili hubandika viambishi. “Ukamsahau” na “wakamsahau” vitakupita. Andika mzizi tu, “sahau”, na uzime chaguo la neno zima. Kisha chuja. Mnyweshaji aliyemsahau Yusufu (Mwanzo 40:23) hahusiki, na jina la Manase katika Mwanzo 41:51 linatokana na kitenzi kingine cha Kiebrania, ingawa Kiswahili hakionyeshi tofauti hiyo.

Anzia Kumbukumbu la Torati 8:11-20, wala usiharakishe hapo. Mstari wa 11 unaeleza kusahau kwenyewe: ni “kwa kutozishika amri zake”. Si suala la kumbukumbu kupungua, maana mtu anaweza kuitaja Kutoka yote kwa kichwa na bado akawa amesahau. Mistari ya 12 hadi 14 inaonyesha njia: shibe, nyumba nzuri, mifugo na fedha kuongezeka, kisha moyo kuinuka. Hosea 13:6 inarudia mtiririko huohuo kwa ufupi unaoumiza: wakashiba, moyo ukainuka, wakasahau. Matokeo yako mstari wa 19 na 20, nayo ni mazito: Israeli itaangamia kama mataifa yanayoangamizwa mbele yake.

Waamuzi 3:7-8 inaonyesha jambo hilo likitokea: wanamsahau BWANA, wanatumikia Mabaali, wanatiwa mikononi mwa Kushan-rishathaimu kwa miaka 8. Samweli anapolisimulia tena (1 Samweli 12:9) anaanza na kusahau, ndipo anawataja Sisera, Wafilisti na mfalme wa Moabu. Hosea 4:6 inawahusu makuhani: waliosahau sheria, watoto wao nao watasahauliwa.

Kasoro iko hapa. Mzizi “sahau” hautakupa Waamuzi 8:34 wala Zaburi 106:7, kwa sababu pale imeandikwa kwamba hawakukumbuka. Tafuta pia “kumbuka” na usome penye ukanushi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiiruka utapoteza nusu ya hoja.

Ukilinganisha na Kiebrania, angalia namba: Hosea 2:13 huko ni 2:15, na Zaburi 9:17 ni 9:18, kwa kuwa kichwa cha zaburi huhesabiwa kama mstari.