Pizza ya chachu Dar: uanze na ipi?

Kabla hujaangalia bei, amua utailia wapi. Pizza ambayo kinyunya chake kimeumuliwa kwa chachu ya unga na maji, si hamira ya pakiti, utamu wake uko kwenye mkate wa chini, na mkate huo hauvumilii foleni ya Mwai Kibaki.

Namba moja kwangu ni ya Napoli, kwa sharti uile hapo hapo mezani. Inaokwa dakika moja hadi moja na nusu kwenye jiko lenye joto la nyuzi 430 au zaidi. Ukingo unafura na kutoka malengelenge meusi, katikati inabaki laini. Uchane huo ukingo kwa mkono: utafute mashimo makubwa kwa madogo, na harufu ya uchachu kwa mbali kama ya togwa. Jina Napoli kwenye menyu halitoshi, maana hata AVPN, chama cha huko cha kulinda pizza ya Napoli kilichoanzishwa 1984, kinaruhusu hamira. Muulize mpishi: “Kaka, hiki kinyunya kimelala kwa saa ngapi?” Anayeijua kazi hababaiki, tena atakutajia friji, kwa sababu joto la Dar mwezi wa pili likikikuta nje usiku kucha kinapitiliza, kinakuwa kikali na kulegea. Akianza kukusifia jibini, agiza chipsi mayai.

Unaletewa na bodaboda? Chukua ya Roma ya kwenye trei, ile inayokatwa kwa mkasi. Ni nene kiasi, chini imekauka vizuri, na ikipoa unaipasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Ya Napoli italowa kwa mvuke wa boksi kabla haijafika Sinza.

Ya tatu ni New York, vipande vikubwa vya kukunja, inafaa mkiwa wengi. Ya Chicago msilipie chachu kabisa: jibini na sosi vinaifukia. (Ile ya Forodhani, Zanzibar, haimo kwenye mashindano haya. Ni unga mwembamba uliokunjiwa nyama na mayai ukakaangwa, na mimi naila hivyo hivyo.)

Popote utakapokwenda mara ya kwanza, agiza margherita: nyanya, mozzarella, majani ya rihani, basi. Mkate mbovu hauna pa kujificha hapo. Kuku na pilipili hoho viache vya safari ya pili.