Jioni Nne na Bendi ya Dixieland ya Wakazi, Karibu na Sacramento: Uzoefu Wangu

Kwa mtu aliyekulia Tanga, neno "jazi" halikuhitaji maelezo. Lilikuwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa yakijibizana na saksafoni, na wazee wa mtaani wakibishana ni nani hasa aliyepiga solo katika santuri fulani. Nilihamia California nikiwa mtu mzima ndipo nikatambua kwamba bendi zetu zilichukua kutoka Marekani jina zaidi kuliko muziki wenyewe, kwa kuwa dansi letu lilikuwa na udugu wa karibu zaidi na rumba ya Kuba na ya Kongo kuliko na New Orleans. Kwa hiyo, kiangazi kilichopita, nilipoanza kuhudhuria maonyesho ya bendi ya Dixieland, yaani jazi ya mtindo wa zamani wa New Orleans, ya wakazi wa kitongoji kimoja nje ya Sacramento, nilikwenda kama mgeni. Nilihudhuria maonyesho yote manne yaliyofanyika, na katika mawili ya mwisho binti yangu mwenye umri wa miaka 15 alipanda jukwaani na klarineti yake. Msomaji ajue basi kwamba mimi si shahidi asiye na upande.

Maonyesho hufanyika Alhamisi, mara moja kila wiki mbili, kuanzia katikati ya Juni, katika bustani ya umma yenye jukwaa dogo la mbao. Hakuna kiingilio, kikapu cha michango hupitishwa mara moja tu, bila kumsonga mtu. Bendi huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kumaliza saa mbili, na kwa kuwa jua la Julai huku huchelewa sana kuzama, onyesho zima hupigwa mchana kweupe. Yapo mambo ambayo sikuyajua wiki ya kwanza na yakanitesa. Hakuna viti, kila mtu huja na chake cha kukunja, na wenyeji wenye uzoefu huweka viti vyao chini ya mialoni miwili saa nzima kabla ya kuanza, kisha huenda zao kula. Joto la saa hiyo linaweza kufika nyuzi 38, ingawa siku nyingi upepo kutoka upande wa ghuba ya San Francisco huingia jioni na kuwaokoa watu. Kwa kuwa jukwaa linatazama magharibi, jua humpiga msikilizaji kisogoni na mpigaji usoni. Niliwahurumia wapigaji, wengi wao watu wa miaka 70 na zaidi, waliokaa dakika 90 wakikunja nyuso na bado wakapiga kwa furaha.

Joto hilo lina jambo jingine ambalo binti yangu alinieleza tukiwa njiani kurudi. Ala za kupuliza hupanda sauti hewa inapokuwa na joto, ilhali nyuzi za banjo hulegea na kushuka, na ndiyo maana bendi ilisimama mara kwa mara kurekebisha ala, jambo ambalo mimi nilidhani ni uzembe. Katika onyesho la kwanza tofauti hiyo ilisikika hata kwa sikio langu lisilofunzwa. Kufikia onyesho la tatu walikuwa wamejifunza kuweka ala zao kivulini hadi dakika ya mwisho.

Muziki wenyewe unastahili maelezo kwa asiyeuzoea, kwa sababu mara ya kwanza huonekana kama vurugu. Mbele husimama watatu: tarumbeta inayoshika lahani, klarineti inayoruka juu yake kama mtu anayeshona taraza, na tromboni inayoteleza chini na kujaza mapengo. Nyuma yao kuna banjo, tuba, piano na ngoma, kazi yao ikiwa ni kushikilia mdundo na kuonyesha njia. Wale watatu wa mbele hupiga kwa wakati mmoja, kila mmoja akibuni sehemu yake papo kwa papo, na bado hawagongani, kwa sababu kila ala ina nafasi yake na kila mpigaji anamsikiliza mwenzake. Kisha huja zamu ya mmoja mmoja, na mwisho wote hurudi pamoja kwa kishindo. Jioni ya kwanza sikusikia chochote isipokuwa kelele za kupendeza. Jioni ya pili nilijilazimisha kuifuata tromboni peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja, na tangu hapo mlango ulifunguka.

Niliichagua tromboni kwa sababu ya jambo alilolisema mzee anayeipiga. Alieleza kwamba zamani, New Orleans, bendi zilitangaza dansi zikizunguka mitaani juu ya magari ya farasi, na mpiga tromboni alikaa kwenye kibao cha nyuma ili mkono wake upate nafasi ya kusukuma na kuvuta bomba lake bila kuwapiga wenzake. Mtindo wa kuteleza uliotokana na hali hiyo bado unaitwa kwa jina la kibao hicho. Nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimekwisha kuona jambo hilo Dar es Salaam kila Jumamosi ya harusi: matarumbeta nyuma ya pikapu, tuba ikining'inia nje na msafara wa magari ukipiga honi. Bibi yangu naye alizoea kusimulia habari za beni za Pwani, Marini na Arinoti, zilizojifunza ala na mavazi kwa kutazama bendi za kijeshi. New Orleans nako bendi za gwaride ndizo zilizowazaa wapigaji wa kwanza wa jazi. Nilipomweleza mzee huyo ninakotoka, naye akanikumbusha kwamba mpiga tarumbeta Louis Armstrong alikwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960, akapokewa kwa kubebwa juu ya kiti kama chifu.

Sasa nije kwenye lawama, kwa sababu zipo. Mshereheshaji huzungumza mno. Kati ya nyimbo mbili anaweza kutumia dakika tano kusimulia historia, na katika onyesho la kwanza historia hiyo ilikuwa na kasoro. Alisema kwamba muziki huu "ulianza" tarehe 26 Februari 1917, siku ambayo bendi ya Original Dixieland Jass Band ilirekodi santuri New York. Hiyo ni tarehe ya rekodi, si ya kuzaliwa kwa muziki. Wapigaji wale walikuwa Wazungu watano kutoka New Orleans, na walichokipeleka New York kilikuwa kimekwisha kupigwa kwa miaka mingi na Wamarekani Weusi wa mji wao, tangu siku za Buddy Bolden na koneti yake, mtu ambaye hakuna rekodi yake hata moja iliyotufikia. Katika onyesho la pili mpiga banjo aliomba kipaza sauti na kulisahihisha jambo hilo kwa upole, akaongeza kwamba Armstrong, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa bado kijana asiyejulikana nje ya mji wake wakati santuri ile inatoka, na kwamba aliitwa Chicago na mpiga koneti King Oliver mwaka 1922. Makofi aliyopata yalikuwa makubwa kuliko ya wimbo uliofuata.

Jina la Dixieland nalo lina mzigo wake. "Dixie" ni jina la utani la majimbo ya Kusini, na kwa watu wengi linabeba kumbukumbu ya majimbo yaliyopigana vita ili utumwa uendelee. Ndiyo sababu wapigaji wengi siku hizi hupendelea kusema jazi ya New Orleans au jazi ya asili. Mmoja wa vijana aliuliza hadharani, wakati wa mazoezi, kwa nini bendi haibadilishi jina, akajibiwa kwamba suala hilo limejadiliwa mara mbili na wanachama hawakukubaliana. Mimi ningelibadilisha. Hata hivyo nilipenda kwamba kijana aliruhusiwa kuuliza, na kwamba hakuna aliyemwambia anyamaze.

Vijana hao ndio sababu kubwa ya mimi kuandika. Walikuwa saba, wenye umri kati ya miaka 13 na 18, na hawalipi ada yoyote. Sharti ni kuwa na ala yako na kufika mazoezini kila Jumatatu jioni. Kila kijana hukaa pembeni ya mzee anayepiga ala ileile. Wiki mbili za kwanza waliruhusiwa kutumia nota. Wiki ya tatu nota zilikusanywa na kuwekwa juu ya piano, na vijana wakaambiwa waimbe kwanza kila kifungu kwa mdomo kabla ya kukipiga. Binti yangu amesoma nota shuleni tangu akiwa na miaka 11 na anazisoma kwa kasi kuliko ninavyosoma gazeti, lakini usiku ule alirudi garini akilia, akisema, "Baba, wameniondolea macho." Nilimwambia kwamba wapiga fidla na udi wengi wa Pwani walijifunza kwa sikio tu, wakikaa karibu na fundi na kunyamaza. Hakufarijika hata kidogo, na sikumlaumu.

Kilichotokea katika onyesho la tatu nitakieleza kwa urefu. Zamu yake ya kupiga peke yake ilikuwa ya mizunguko miwili. Wa kwanza aliupiga salama, akikaa karibu sana na lahani kama mtoto anayeogelea akishika ukingo. Katikati ya mzunguko wa pili akapotea. Niliuona uso wake ukibadilika kabla sijasikia kosa, kisha klarineti ikanyamaza, na banjo na tuba zikaendelea kutembea bila kujali, kwa sababu katika muziki huu wimbo haumsubiri mtu. Mzee wa tromboni hakumtazama. Aliinua ala yake na kupiga, kwa sauti ya chini, kifungu kilekile ambacho binti yangu alikuwa amekipiga muda mfupi uliopita, kana kwamba anamuuliza, "Ulikuwa unasema hivi?" Binti akakijibu. Mzee akauliza tena, kidogo juu zaidi, naye akajibu tena, na wakaumaliza mzunguko wakizungumza hivyo, wawili, hadi tarumbeta ilipoingia na kuwachukua wote. Wasikilizaji walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mama mmoja mbele yangu alimwambia jirani yake kwamba hicho ndicho kipande bora cha jioni nzima, na nilikubaliana naye kimoyomoyo bila kumweleza siri.

Ndiyo maana mpangilio wa programu unanikera. Vijana huingizwa mwishoni kabisa, baada ya kutimia saa moja na nusu jioni, wakati familia zenye watoto wadogo zimekwisha kukunja viti na kuondoka, na hupewa nyimbo mbili tu, zilezile katika maonyesho yote mawili. Kijana aliyefanya mazoezi wiki sita anastahili kupigia bustani iliyojaa. Wapo wanaosema kwamba wasikilizaji wa kudumu wanakuja kuwasikia wazee, na ni kweli kwamba vichwa vingi mbele ya jukwaa ni vya mvi. Lakini wasikilizaji hao hawatadumu milele. Sacramento ilikuwa na tamasha kubwa la Dixieland lililoanza mwaka 1974 na kuujaza mji kila mwisho wa Mei. Lilibadilishwa jina, likapungua, na mara ya mwisho kufanyika ilikuwa mwaka 2017. Mzee wa tromboni alilipigia tamasha hilo miaka mingi, na hakuna aliyehitaji kumweleza kwa nini anakaa na watoto kila Jumatatu.

Kuhusu mitambo ya sauti nina machache. Onyesho la kwanza banjo haikusikika na klarineti ilichoma masikio. Katika la tatu walizima vipaza sauti vya ala za kupuliza, wakabakiza kimoja cha banjo na kimoja cha piano, na ghafla kila kitu kikakaa mahali pake. Natumaini wataendelea hivyo. Onyesho la tano, la katikati ya Agosti, lilifutwa kwa sababu ya moshi wa moto wa misitu, uamuzi uliokuwa sahihi kabisa, kwani huwezi kumwambia mtu apulize tromboni katika hewa ile. Tatizo ni kwamba taarifa ilitufikia zikiwa zimebaki dakika 40, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuegesha magari. Ujumbe wa simu asubuhi ungetosha.

Nikilazimishwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano, na ile ya tano naishikilia mpaka vijana wapandishwe jukwaani kabla ya saa moja. Mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wake ajue kwamba mtoto anayeanza ala yake siku ya kwanza hatafaidi. Mwenye miaka miwili au mitatu ya bendi ya shule ndiye atakayepata faida kubwa, hasa kama shuleni hakuwahi kuambiwa abuni chochote. Klarineti tunaikodi kwa mwezi badala ya kununua, na mpiga klarineti wa bendi aliikagua bila malipo na kubadilisha kizibo kimoja kilichokuwa kinavujisha hewa. Mazoezi yanaanza tena Mei. Mimi kiti changu nitakiweka upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na tromboni, na safari hii nitafika saa kumi na moja ili nami niupate mwaloni.