Unataka kuhama mtandao? Tuma faili kwanza

Mwaka jana nilihama mtandao kwa sababu ya kivuli. Nilikuwa natoka soko la Sabasaba, hapa Dodoma, rimu mbili za karatasi mkono mmoja, mfuko wa nyanya mkono mwingine, jua lile letu la saa nane. Nikaona mwavuli wa kampuni ya simu, nikajibanza chini yake kupumua. Kijana aliyekuwa pale akanipa "Shikamoo mama" ya adabu kabisa. Ukishaitikia marahaba, huyo ni mwanao, kumkatalia ni kazi. Akanionyesha bando la wiki: GB karibu mara mbili ya nilizokuwa napata, pesa ileile. "Na namba yako unabaki nayo mama, hakuna atakayejua kama umehama." Nikaweka kidole.

Nina steshenari ndogo upande wa Makulu, njia ya kwenda UDOM. Siku tatu za kwanza nilimsifia yule kijana kwa kila mteja. Video zinafunguka kabla hujakaa sawa, mtoto wangu wa mwisho anaangalia katuni mpaka namnyang'anya simu. Siku ya nne akaja binti kutoka Bahi na bahasha yake ya kaki. Fomu ya mkopo wa chuo imesainiwa, mhuri wa serikali ya mtaa upo, wakili ameshagonga wa kwake, cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA. Kilichobaki ni kuskani na kupakia. Kuskani tulimaliza ndani ya dakika tano. Kupakia tulianza saa tisa alasiri, na saa kumi na mbili jioni kile kiduara kilikuwa bado kinazunguka, kinafika asilimia tisini, kinarudi mwanzo. Binti analia kimyakimya, mimi natoka nje na simu naishika juu kama nachuma embe.

Mwisho nilimpakia bodaboda nikampeleka kwa mwenzangu Ng'ong'ona, mwenye mtandao mwingine. Faili likapanda kwa dakika mbili. Hela ya kazi akachukua yeye, nauli ya boda nikalipa mimi.

Nilipowasimulia watu kisa hiki, kila wiki nikawa napata swali lilelile: "Dada, nihamie wapi?" Wote wananitajia GB na bei. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mtandao huo unapandisha.

Kuna kushusha na kuna kupandisha. Kushusha ni pale mnara unapokutumia wewe: video, picha, kurasa. Kupandisha, au kupakia, ni pale simu yako inapoutumia mnara: fomu ya ajira, PDF ya vyeti, picha ya mzigo unayomtumia mteja, sura yako kwenye kikao cha video. Mnara una nguvu ya umeme na umesimama juu, ni kama muadhini mwenye kipaza sauti. Simu yako inamjibu kwa mdomo mtupu, na betri ndogo, kutoka ndani ya chumba chenye ukuta wa tofali na bati juu. Wewe unamsikia vizuri, yeye hakusikii. Vile vijiti vinne kwenye kioo cha simu vinakuonyesha unavyousikia mnara tu, wala havisemi chochote kuhusu mnara unavyokusikia wewe. Ndiyo maana mtu anasema "nina mtandao kibao lakini haitumi". Hajachanganyikiwa. Anasema ukweli.

Juu ya hapo, mitandao yenyewe mara nyingi hutenga nafasi kubwa zaidi ya kushusha, maana wengi wetu ni watazamaji. Sasa weka na mazingira yetu. Dodoma ina vilima vya mawe kila upande, ukiwa nyuma ya Mlimwa au Itega mnara unaweza kuwa karibu kwa hatua na mbali kwa mawimbi. Chuo kikifunguliwa, mitaa ya huku kwetu inajaa simu kwa maelfu, na kuanzia saa mbili usiku kila mmoja anataka nafasi yake kwenye mnara uleule. Halafu mtu wa Kisasa anampa ushauri mtu wa Nkuhungu: "Hamia huku, huku ni moto." Ni moto kwake.

Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo, fanya hivi. Azima laini ya mtandao unaoutaka. Ndugu, jirani, mtu wa bodaboda, mtu hakosi. Akuwashie hotspoti, au weka laini yake kwenye simu yako mwenyewe, ambayo ni bora zaidi kwa sababu simu nazo hazilingani nguvu. Kaa pale unapokaa kila siku ukifanya kazi, siyo barazani. Chukua faili la MB 10 hivi, jitumie kwa barua pepe, hesabu dakika. Usijaribu na picha ya WhatsApp, maana WhatsApp huikamua picha ikawa ndogo, ikapanda hata kwenye mtandao mgonjwa. Rudia saa nne asubuhi, saa kumi jioni, na saa mbili na nusu usiku. Ile ya usiku ndiyo itakayokupa jibu.

Wanaopenda namba, hii hapa hesabu. Kampuni zinauza MB, kasi inapimwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la MB 10 ni megabiti 80. Ukiwa na kasi ya kupakia ya Mbps 1, yaani megabiti moja kwa sekunde, ni sekunde 80, unavumilia. Ukiwa na 0.2, ni sekunde 400, karibu dakika 7, na tovuti nyingi zinakuwa zimeshakuchoka na kukutoa nje. Programu ya Speedtest inakuonyesha namba zote mbili, ya kushusha na ya kupakia. Watu wanaipiga picha ile ya kwanza kujisifia, ya pili hawaisomi. Ila tahadhari, kipimo kimoja kwenye 4G nzuri kinaweza kula makumi ya MB, kwa hiyo usimalize bando la jirani halafu ukamrudishia laini yake na asante tupu.

Sasa nipange nafasi, kama mlivyonisumbua.

Nafasi ya kwanza ni laini ya pili, wala si kuhama. Simu nyingi zinazouzwa hapa mjini zina tundu mbili. Namba yako ya zamani iache palepale na pesa zake, laini mpya iwe ya data tu. Ikikusumbua unaitoa, hujapoteza kitu. Na laini hiyo ya pili, mimi nasema Airtel, na sifichi kwamba nina upendeleo. Laini yangu ya kwanza maishani niliinunua wakati bado ni Celtel, nikaivuka nayo Zain, nikaingia nayo Airtel, kwa hiyo ukiniambia mapenzi yanaongea nitakubali. Lakini pia mezani kwangu, kwenye kona ya mashine ya kutoa kopi, ndiyo inayopandisha faili usiku. Kwangu. Kama kwako Vodacom inapandisha vizuri zaidi, chukua Vodacom. Wao ndio waliotangulia kuwasha 5G nchini mwaka 2022, na kama unaishi karibu na mnara wa 5G na simu yako inaipokea, jaribu. Ukumbuke tu kwamba mawimbi ya masafa ya juu yanayobeba 5G nyingi hayapendi kuta. Yas, ambayo mpaka Novemba 2024 tuliijua kama Tigo, jaribu vilevile, pale pale mezani. Jina jipya halijasogeza ukuta wako.

Nafasi ya pili ni waya. TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, na kama waya umepita mtaani kwenu na kazi yako ni ya mezani kama yangu, acha kabisa kuhangaika na mabando. Kwenye faiba ukuta na bati havina la kusema, mwanga unapita ndani ya waya. Tatizo ni hilo neno "kama". Mimi mtaani kwangu nimeuliza mpaka mwenyekiti wa mtaa ananikwepa.

Ya tatu ni kubaki ulipo na kubadilisha bando. Wengi mnaotaka kuhama hamna shida na mtandao, mna shida na mgawanyo. Soma ndani ya bando lako: ngapi ni za kila kitu, ngapi ni za mitandao ya kijamii tu, ngapi ni za usiku wa manane wakati wewe umelala na Mungu wako. Bando la GB nyingi linaweza kuwa na GB chache mno za kufungua tovuti ya ajira saa tano asubuhi.

Ya nne, na ya mwisho kwa maoni yangu, ni kuhama kabisa na namba yako. Inawezekana tangu Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoanzisha huduma hiyo. Unaenda kwa mtandao unaoutaka na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, wanashughulika wao. Kabla ya kutuma hilo neno, toa pesa yote kwenye akaunti ya simu, maana haihami na wewe. Lipa madeni yote, pamoja na yale ya kukopa vocha na mikopo midogo ya kwenye simu. Ukiwa na deni hutoki. Salio la vocha litumie, litapotea. Ile historia yako ya kukopa na kulipa nayo unaiacha, unaanza upya kama mgeni. Na mteja aliyezoea kukutumia pesa kwa mtandao wa zamani kwa kuangalia tarakimu za mwanzo za namba yako atakwama kila mara, na utakuwa unajieleza mpaka uchoke. Mimi nilijieleza miezi miwili. Tena ukishahama huwezi kurudi kesho yake, kuna siku lazima zipite kwanza. Binti wa Bahi alinikuta ndani ya siku hizo.

Bando za bei ndogo, za chuo na za siku moja: zinafaa kwa mtu wa kuchati. Halotel ina watu wake wengi huko vijijini Chamwino na Mpwapwa, na shangazi yangu hataki kusikia mtandao mwingine. Jaribu kwa faili, basi. Sina zaidi.

Sasa niruhusuni kidogo nilie na hawa wa miavuli. Sina ugomvi na vijana wanaotafuta riziki juani, wengi wanalipwa kwa idadi ya laini wanazosajili. Ugomvi wangu ni ile "kidole hakijasoma mama, weka tena". Weka tena. Weka tena. Mara ya nne unajiuliza kidole chako kinasajili laini moja au kinasajili mtaa mzima. Ukitoka pale piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, usiseme "nitashughulikia wiki ijayo". Laini hiyo ikimtapeli mtu, jina litakalosomwa ni lako.

Na bei. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za mabando zilipoanza na nchi nzima ikapiga kelele mpaka serikali ikasitisha? Nadhani tangu siku ile walijifunza. Jinsi ninavyoona mimi kwenye simu yangu, elfu mbili imebaki elfu mbili, kinachokonda ni kilichomo ndani. Ni kama mandazi ya pale stendi: bei haijapanda, ila sasa unakula matatu ndipo uone umekula moja. Huwezi kumlalamikia mtu, maana hakuna kilichopanda.

Wakala naye ukimuuliza kasi ya kupakia anakuangalia kama umemuuliza habari za mwezini. Nimewauliza watano, kuanzia Majengo mpaka stendi ya Nanenane. Wanne waliniambia "iko fasta sana mama". Wa tano alikuwa mkweli, akasema hajui, akanipa simu yake mwenyewe nijaribu pale pale kwenye kiti cha plastiki. Faili lilipanda kwa sekunde arobaini. Nikamwambia asante, lakini mimi siishi kwenye kiti chako, akacheka, akanipa laini yake niende nayo dukani nimrudishie jioni. Huyo ndiye niliyenunua kwake.

Yule wa Sabasaba sijamwona tena. Mwavuli upo palepale, rangi nyingine, kijana mwingine, na shikamoo ileile.