Kumtambua mdudu: hadubini au DNA?

Njia ya zamani, ile ya tangu enzi za Linnaeus (Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya spishi) 1758, unamweka mdudu chini ya hadubini unaangalia mishipa ya mabawa, vipapasio, miguu, na kwa mbawakawa wengi hadi viungo vya uzazi vya dume maana ndo vinavyotofautisha spishi (usicheke, ni kweli kabisa). Haitaki mashine za bei mbaya, ila inataka mtu aliyekomaa na kundi moja miaka kibao, na ukimletea buu mara nyingi anakwama.

DNA sasa. 2003 mwanabiolojia wa Kanada Paul Hebert na wenzake wakapendekeza kusoma kipande cha jeni ya COI, herufi za DNA (A, C, G, T) kama 650 hivi, unalinganisha na kanzidata basi. Mguu mmoja tu unatosha, hata buu anajulikana! 2004 huko Costa Rica kipepeo Astraptes fulgerator aliyehesabiwa spishi moja akaonekana ni kama 10, na kumbe viwavi wao walikuwa na rangi na vyakula tofauti. Shida ni kwamba kanzidata ikikosa jina unabaki na herufi tu, afu bakteria Wolbachia, wanaoishi ndani ya wadudu, nao wanaweza kuvuruga majibu, na hayo majina kwenye kanzidata aliyaweka nani kama si wale wale wa hadubini? Mimi naanza na hadubini, ikigoma ndo DNA.